Etiketi za Papa Préparateur

Kila krayoni, yaani penseli, iliyopita mikononi mwa yule mzee ilitoka bila gomme, kifutio chake. Aliing'oa ile gomme ndogo ya waridi kwa meno, akaitupa kwenye kopo la maziwa lililokaa dirishani, ndipo akaanza kuchonga ncha. Siku nilipoingia maabara kwa mara ya kwanza kopo lilikuwa limejaa nusu, na mimi kwa ujinga wangu nikamwomba moja, maana nilikuwa nimekosea tarehe kwenye daftari. Alinitazama kama nimemwomba jino lake.

"Hapa mutu hafute, mademoiselle. Ukikosea, unapiga mustari moya juu, unaandika jina yako pembeni, unaendelea. Ukifuta, nani atajua kama ulikosea?"

Wengine walimwita Le Vieux, Mzee. Mimi nilimwita Papa Préparateur, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika maabara ya wadudu ya chuo chetu hapa Kisangani: kupokea vipepeo waliokufa, kuwalegeza kwa unyevu, kuwafungua mabawa, kuwachoma pini na kuwaandikia etiketi. Etiketi ni kijikaratasi kinacholingana na ukucha wa dole gumba. Kinakaa chini ya mdudu, kwenye pini ileile, na kinasema mdudu huyo alikamatwa wapi, siku gani, na nani. Bila hicho kipepeo ni pambo la ukutani. Jina la huyu mzee sitaliandika hapa. Nimeshalichafua mara moja, inatosha.

Etiketi hakuiandikia mezani hata siku moja. Aliiandikia palepale msituni, amepiga goti, karatasi juu ya kifuniko cha sanduku lake, kipepeo akiwa bado anatikisika ndani ya bahasha ya gazeti. Siku moja kule kwenye msitu wa Masako mvua ilitushukia ghafla. Sisi wanafunzi wote tulikimbia chini ya turubai, tukabaki tunamwita. Yeye alikuwa amechuchumaa kati ya maji, amevua kofia, ameifunikia karatasi, anaandika. Alipoingia alikuwa anachuruzika kama kuku aliyenyeshewa.

"Mimi nitakauka," alisema. "Karatasi hapana."

Na nyuma ya kila etiketi aliandika kitu ambacho hakuna kitabu kinachokidai: majina ya watu waliokuwepo. Profesa, mkuu wa maabara, alikiona kichekesho, lakini alimwachia. Nilipomuuliza sababu, alishangaa kwamba naweza kuuliza. "Siku mimi nikikufa, batamuuliza nani?" Basi nyuma ya kipepeo mmoja mweusi mkubwa kuna jina la kijana wa toleka, yaani mwenye baiskeli ya kubeba watu, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa kando ya barabara anaziba tairi na akaona wavu unavyoshuka. Yule bwana alipopata habari kwamba jina lake limeandikwa chuoni, alimleta mke wake, amevaa viatu vya kanisani. Papa Préparateur akawakaribisha kama wajumbe kutoka Kinshasa, akainua pini kwa koleo lake dogo, akaigeuza, akamsomea yule mama jina la mumewe mara mbili. Mama akapiga vigelegele ndani ya maabara. Profesa akatoka ofisini kuuliza nani amejifungua.

Mzee alimsemesha kipepeo kwa Kilingala, profesa kwa Kifaransa, sisi wanafunzi kwa Kiswahili. Kwenye etiketi hakuwahi kudanganya hata herufi, lakini kwenye mchezo wa dame, yaani drafti, alikuwa mwizi wa kutupwa. Ukigeuka kupiga chafya tu, kete yako haipo, na yeye anaangalia dari kama mtu anayesali. Aliweza kupoteza nusu saa kumtoa kiwavi aliyenasa kwenye wavu wa dirisha, pole pole, "yaka, yaka," njoo, njoo, halafu saa sita mchana akafungua sahani yake ya mbinzo, viwavi wa kukaangwa wenye pilipili, akawatafuna mpaka unasikia chumba cha pili. Nilimwambia, papa, hao si ndugu zake yule wa dirishani? Akajibu: "Hawa banaitwa chakula. Ule anaitwa Monsieur."

Mimi ni mtoto wa Kindu, Mwislamu, na mwaka wa kwanza maabarani Ramadhani ilinikuta peke yangu. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikaona sahani ya mbinzo haifunguliwi tena mle ndani. Alikuwa anakwenda kula nje, juu ya jiwe, kwenye jua, na wengine aliwafukuza huko huko na mikate yao. Hakunitajia hata neno moja. Nayaandika haya ili mtu aelewe nilimfanyia nani.

Sasa nimseme kipepeo aliyetuletea haya yote. Ni mdogo, mweupe, na ncha za mabawa yake ya mbele ni nyekundu, kama mwanamke aliyechovya vidole kwenye vernis, ile rangi ya kucha. Papa Préparateur alimwita Bibi Vernis. Si wa kwetu. Kwake ni kule ambako nyasi zinakauka mpaka zinakatika, na miti ni mifupi yenye miiba, na anga imefunguka pande zote. Kumfuata lazima upande kaskazini, upite Banalia, upite Buta, uendelee mpaka msitu uchoke. Mwaka wangu wa mwisho wa masomo nilikwenda huko na wenzangu, nikarudi na kopo la biskuti lenye Bibi Vernis kumi na mmoja, kila mmoja kwenye bahasha yake. Nikaliweka mezani, kwenye meza ya Papa Préparateur. Kosa langu la kwanza, la uvivu tu, lilikuwa kutolipeleka kabatini.

Wiki tatu baadaye, katika zile siku chache za Januari ambapo hata Kisangani inasahau mvua, tulikwenda wawili, yeye na mimi, kwenye shamba moja lililoachwa karibu na Masako. Miti ilikuwa imekatwa na kuchomwa makala, yaani makaa, mihogo ikalimwa, ikachoka, watu wakaenda. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Joto lilitoka chini. Mimi nilikuwa nakunywa maji nilipoona kitu cheupe kinaruka chini chini juu ya majani makavu, kinatua, kinaruka. Nikasema, "Papa." Yeye alikuwa ameshakwenda. Wavu ukashuka mara moja.

Nilidhani atafurahi. Alikaa chini, miguu mbele kama mtoto, akamwangalia yule mdudu ndani ya wavu kwa muda mrefu. Zile kucha nyekundu zilikuwa zinafunguka na kufungana.

"Labda upepo ulimleta," nilisema.

"Upepo?" Akacheka bila furaha. "Huyu hakupotea njia, mama. Huyu alikuya kuangalia kiwanja. Akiona iko muzuri, ataita jamaa."

Akapiga goti, akaandika. Alipofika nyuma ya karatasi akanyanyua macho. "Wewe umeona?"

"Nimeona, papa."

"Bon." Na akaandika jina langu chini ya lake.

Nimeshika kalamu sasa hivi na mkono hautaki. Basi niseme haraka. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya vipepeo wa mashamba yaliyoachwa, na Bibi Vernis nilimwingiza kwenye orodha. Siku kumi kabla ya kuitetea mbele ya walimu, asubuhi, profesa aliniita. Alikuwa mtu mkali lakini si mbaya. Akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Huyu ni wa savana. Ulikuwa na kopo zima la hawa kutoka kaskazini, juu ya meza ileile. Kama mmechanganya huyu, mmechanganya wangapi wengine? Mademoiselle, kama kosa ni lako, hutetei. Utarudi kukamata upya, mwaka mzima. Nani aliandika etiketi hii?"

"Papa Préparateur."

"Ulikuwa naye?"

Mama yangu alikuwa tayari njiani, na maabara nzima ilijua. Ametoka Kindu kwa mashua, amefika Ubundu, anatafuta pikipiki ya kumleta Kisangani, na kwenye mzigo wake kuna kitenge cha sherehe alichoshona kabla hata sijamaliza kuandika. Niliona kile kitenge. Wallahi, nilikiona mbele ya macho yangu wazi kuliko nilivyomwona profesa.

"Hapana," nikasema. "Alikwenda peke yake. Na siku hizi macho yake, profesa... labda alichanganya."

Uongo mara tatu kwa pumzi moja. Hakwenda peke yake. Macho yake yalikuwa mazima. Hakuchanganya. Na mlango kati ya ofisi ya profesa na chumba cha kuandaa wadudu ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufungi tangu nimjue yule mzee. Upande wa pili mkasi wake ulikuwa unakata karatasi, krap, krap. Ukanyamaza.

Profesa akasema sanduku la Bibi Vernis litolewe, atakuja kuliangalia saa nane mchana. Mimi nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikakaa nyuma ya choo kama mwizi wa kuku. Sikuogopa dhambi, mnisamehe. Nilichoogopa ni ile karatasi. Nyuma yake kulikuwa na jina langu, kwa mwandiko wake, na profesa akiigeuza tu, mimi nimekwisha: si kosa tena, ni uongo, na kwa uongo chuo kinakufukuza, hakuna mwaka wa kurudia. Nilimwomba Mungu profesa asigeuze. Hivyo ndivyo nilivyosali siku ile.

Saa nane profesa alikuja, akainama juu ya kioo cha sanduku, akamtazama Bibi Vernis, hakugeuza kitu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaamua hivi: Bibi Vernis aondoke kwenye orodha yangu, nitetee, na etiketi zote alizoandika Papa Préparateur kwa miaka miwili ya nyuma ziwekewe alama ya kuuliza, maana hatujui macho yalianza kuharibika lini. Yeye asiandike tena. Apanguse vumbi, abadilishe naftalini.

"Alama uziweke wewe, mademoiselle. Unayajua masanduku."

Papa Préparateur alikuwa amesimama hapo hapo, mikono nyuma. Akaenda mezani kwake, akachukua krayoni mpya, akang'oa gomme, akaitupa koponi, akachonga, akanijia.

"Chukua. Iko na ncha muzuri."

Nilifanya kazi ile kwa alasiri nne. Alama ya kuuliza, sanduku, alama ya kuuliza, sanduku. Juu ya yule kipepeo mweusi wa kijana wa toleka pia niliiweka. Sikugeuza etiketi hata moja. Bibi Vernis nilimwekea alama yake huku nimeangalia pembeni. Mzee alikaa mezani bila kazi, mikono juu ya mbao, na kila nilipohitaji ncha alinyoosha mkono, akanichongea.

Nikatetea. Watu wakapiga makofi, mama akalia ndani ya kitenge chake. Papa Préparateur alikuja na shati jeupe, akala wali na mama yangu, wakaongea kama jamaa wa zamani. Nilimsikia akimwambia, "Mutoto yako iko na macho ya kazi." Niliacha sahani yangu, nikatoka nje. Watu walisema ni furaha.

Miaka miwili alipangusa vumbi, kisha akaenda nyumbani. Mimi nikabaki: msaidizi, halafu mwalimu, halafu mwenye funguo za masanduku yote. Ningeweza kusema ukweli siku yoyote. Nilijiambia nitasema profesa akistaafu. Profesa alistaafu. Nikajiambia nitasema nikipata cheo. Nilipata. Na huku nje Bibi Vernis alikuwa ameita jamaa. Nilianza kumwona kwenye barabara ya Banalia, juu ya magunia ya makala. Halafu karibu na uwanja wa ndege. Halafu asubuhi moja nyuma ya jiko langu mwenyewe, ametua kwenye nguo za watoto kwenye kamba, anafungua na kufunga zile kucha.

Mwaka huu mtafiti mmoja kijana alisimama kwenye ukumbi wetu, akaonyesha picha, akasema kwa furaha kwamba huyu kipepeo wa savana sasa anaishi karibu na Kisangani, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kumwona. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono hii hii. Nilipofika nyumbani sikuweza kula, mume wangu akadhani malaria.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka kwa binti wa Papa Préparateur, kule komine ya Tshopo. Binti alinipokea vizuri, akanionyesha uani. Papa Préparateur alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua pondu, majani ya mihogo, kwa vidole. Macho safari hii yalikuwa yamekwenda kweli, meupe kama maji ya mchele. Niliwaza, kumbe nilimtabiria. Nikaona haya hata kumsalimia.

"Nani anasimama vile?" akauliza.

"Mimi, papa. Wa Kindu."

"Aah. Mademoiselle. Ikala. Binti, lete kiti."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. "Papa, siku ile kwa profesa nilisema uongo."

"Nilisikia. Mulango ile ilikuwa haifunge."

"Kwa nini hukusema? Ungegeuza tu etiketi."

Aliendelea na majani yake, moja, la pili. "Mama yako alikuwa Ubundu," akasema.

Nililia, na kulia kwangu kulimkera, nikaona. Nikafuta uso. Nikamwambia funguo ninazo mimi, leo hii nitakwenda, nitafuta alama zote, zote papa, hakuna atakayejua kwamba ziliwahi kuwepo.

Majani yakamwanguka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Utafuta na nini? Na gomme? Kazi yangu ya miaka mbili uliiweka alama bila jina! Mutu akiona anauliza: nani anauliza hapa? Hakuna mutu! Ni mimi tu, muzee kipofu. Alors sasa unataka kufuta, ubaki propre, safi?" Alihema. "Piga mustari moya. Andika jina yako pembeni. Kila moya."

"Zote, papa?"

"Zote. Na mambo ya samahani, usiniulize leo. Kwanza kazi."

Binti yake alisimama mlangoni, hakuingia. Kisha mzee akauliza, kwa sauti yake ya zamani: "Na ule Bibi Vernis? Biko?"

"Wako wengi, papa. Mpaka nyuma ya jiko langu."

Akatikisa kichwa pole pole. "Alipata kiwanja, basi."

Nilipoinuka kuaga, alinishika mkono, akapapasa vidole vyangu kama anatafuta krayoni. "Kule nyuma usiogope," akasema. "Nyuma haina kitu." Nikadhani ni uzee, nikaitikia tu.

Asubuhi iliyofuata nilifungua maabara kabla ya wengine. Nilianza na Bibi Vernis. Rangi ya ncha imefifia kidogo, lakini bado unaiona. Nikapiga mstari mmoja juu ya alama yangu ya kuuliza, nikaandika jina langu pembeni, herufi ndogo ndogo. Kisha nikachukua koleo, nikainua pini, na kwa mara ya kwanza nikaigeuza ile karatasi niliyoiogopa nusu ya maisha yangu.

Jina lake lilikuwepo. Chini yake hapakuwa na jina. Karatasi pale ilikuwa imekuwa nyembamba, imetoa manyoya, kama goti la suruali kuukuu. Ilikuwa imefutwa.

Nilienda dirishani. Kopo la maziwa bado lilikuwa pale. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kulitupa. Nikalimwaga mezani. Zote zilikuwa za waridi, safi, hazijagusa karatasi. Moja tu ilikuwa na upande mweusi.

Basi wakati mimi nimejificha nyuma ya choo namwomba Mungu, yeye alikuwa amekaa hapa na gomme mkononi. Alimwondoa shahidi wake wa pekee, ili saa nane profesa akigeuza asinikute. Kisha akanichongea krayoni.

Nilielekeza etiketi kwenye mwanga. Risasi ya krayoni ilikuwa imekwenda, lakini mkono wake siku zote ulikandamiza, na mifereji ya herufi ilikuwa imebaki. Nikachukua krayoni, nikang'oa gomme kwa meno, nikaandika jina langu upya. Ncha iliteleza kwenye njia aliyoiacha, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Halafu nikavuta sanduku la pili.